Kuhamia kwenye uhasibu ukiwa umevuka miaka 40: anza na daftari, mitihani ifuate

Nilianza uhasibu nikiwa na miaka 42, baada ya miaka 17 ya kusimamia maghala. Nilichokosea ni mpangilio. Nililipia kozi, nikanunua vitabu vya mitihani, nikajisajili, na wakati huo wote sikuwa nimewahi kufunga hesabu za mwezi hata mmoja za biashara yoyote. Mwaka mzima nilikariri maneno ambayo sikujua yanaelezea nini. Siku nilipokabidhiwa boksi la risiti za kweli ndipo kila kitu kilipoanza kukaa mahali pake.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume cha njia niliyopita mimi. Kwanza unashika hesabu za watu halisi, pili unachagua mlango unaokufaa kutokana na kazi uliyotoka nayo, halafu ndipo unatoa fedha zako kwa ajili ya mitihani.

Hatua ya 1: Shika vitabu vya shughuli halisi kwa miezi mitatu

Tafuta shughuli ndogo inayopokea na kutoa fedha na ambayo haina mtu wa kuandika vizuri: kikundi cha kuweka na kukopa, biashara ya ndugu, chama cha wazazi wa shule, nyumba ya ibada. Hutakosa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye mali wengi wanalijua hilo, ila hawana muda wa kukaa na karatasi. Jitolee kufanya kazi bila malipo kwa miezi mitatu, uahidi kutunza siri zao, na ahadi hiyo uitimize hata kwa mwenzi wako.

Kwa nini mitatu? Mwezi wa kwanza utakuwa unatafuta salio la kuanzia na kuuliza risiti zilizopotea. Wa pili ndio unaoonyesha makosa uliyoyafanya katika wa kwanza. Wa tatu unajipima kama unaweza kumaliza kazi kwa wakati bila kushikwa mkono.

Tumia karatasi au Excel, usianze na programu ya uhasibu. Programu inakuuliza tu "umelipa nani, kiasi gani?" halafu inaandika debiti (upande wa kushoto wa akaunti) na krediti (upande wa kulia) nyuma ya pazia. Mtu aliyeanzia huko hukwama siku programu inapotoa jibu lisiloeleweka, kwa sababu hajawahi kuona kilichomo ndani.

Kila wiki panga ankara, risiti na taarifa ya benki kwa tarehe. Andika kila muamala kwenye jarida (daftari la miamala kwa mpangilio wa tarehe), uhamishie kwenye leja (daftari lenye ukurasa wa kila akaunti), na mwisho wa mwezi toa urari, yaani orodha ya salio la kila akaunti ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane. Kanuni ni ile ile aliyoieleza mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli katika kitabu cha hisabati kilichochapishwa Venice mwaka 1494: kila muamala una pande mbili, na pande hizo lazima zilingane. Hakuibuni yeye, wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiitumia tayari. Yeye aliiandika ikafundishika. Naye alikuwa katika miaka yake ya 40, jambo ambalo lilinitia moyo sana nilipolisoma.

Chukua mfano. Biashara imenunua friji kwa 900, imelipa 300 taslimu, na 600 italipwa mwezi ujao. Unadebiti akaunti ya vifaa 900, unakrediti fedha taslimu 300, unakrediti mdai, yaani muuzaji anayekudai, 600. Wanaoanza wengi huandika 900 yote kama matumizi ya mwezi huo, kisha mwenye biashara anaona hasara na kushtuka. Friji itafanya kazi miaka mingi. Ukikadiria miaka 5, uchakavu wake ni 15 kwa mwezi, na hiyo 15 ndiyo inayoingia kwenye faida na hasara ya mwezi. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba fedha iliyotoka na gharama ya mwezi ni vitu viwili tofauti. Ukilishika hilo vizuri, sehemu kubwa ya masomo yaliyo mbele itakuwa nyepesi.

Jambo moja linalowachanganya watu wazima kuliko vijana: benki ikikwambia "tumekrediti akaunti yako", fedha zimeongezeka, lakini kwenye vitabu vyako fedha inayoingia ni debiti. Wote wawili mko sahihi. Benki inazungumza kutoka kwenye vitabu vyake, ambako fedha yako ni deni wanalodaiwa na wewe. Sisi tuliozoea lugha ya benki kwa miaka ishirini inabidi tuiweke kando kwanza.

Zoezi ambalo halikwepeki: usuluhishi wa benki

Usuluhishi wa benki ni kulinganisha daftari lako la fedha na taarifa ya benki na kueleza tofauti. Nalitengea sehemu yake kwa sababu karibu kila usaili wa kazi ya hesabu niliowahi kufanya ulikuwa na zoezi hili, na kazini utalifanya kila mwezi.

Daftari lako la fedha linasema benki kuna 4,820. Taarifa ya benki inasema 5,310. Usiguse kitu kwanza. Weka alama kwenye kila muamala unaoonekana pande zote mbili. Vinavyobaki bila alama ndivyo vyenye maelezo. Tuseme umekuta hundi za 900 ulizoandika lakini walipwaji hawajazipeleka benki, amana ya 350 uliyoweka jioni ya siku ya mwisho na benki haijaiandika, na makato ya benki ya 60 ambayo wewe hukuyajua.

Makato ni kosa la upande wako, kwa hiyo rekebisha daftari: 4,820 toa 60 ni 4,760. Hundi na amana ni suala la muda tu, kwa hiyo zinaingia upande wa benki: 5,310 toa 900 jumlisha 350 ni 4,760. Zimekutana. Daftari linaandikwa muamala wa makato peke yake. Hundi na amana zinasubiri taarifa ya mwezi ujao, na kama hundi ile ile bado inasubiri baada ya miezi kadhaa, ulizia.

Urari usipolingana, usianze kukagua kila mstari. Gawa tofauti kwa 2: kama tofauti ni 84, tafuta 42 iliyowekwa upande usio wake. Isipopatikana, gawa kwa 9. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu zilizopinduliwa, kama 540 iliyoandikwa 450, au sifuri iliyodondoka, kama 700 iliyoandikwa 70. Mbinu hizi ni za zamani na bado zinaokoa usiku mzima.

Tena, urari uliolingana si ushahidi kwamba vitabu viko sahihi. Muamala ulioachwa kabisa hauonekani. Gharama ya usafiri iliyoandikwa kwenye akaunti ya matengenezo haionekani. Makosa mawili yanayofutana hayaonekani. Ndiyo maana mhasibu mzuri hutazama na namba zenyewe: umeme wa mwezi huu mbona nusu ya mwezi uliopita? Labda ankara haijafika.

Baada ya miezi mitatu jiulize swali moja kwa uaminifu. Ulipokuwa na tofauti ya 37 saa nne usiku, ulitaka kujua imetoka wapi, au ulitaka kuitupa kwenye "matumizi mengineyo" ulale? Kama ni la pili, na kila mara ni la pili, uhasibu utakuchosha, na ni heri umegundua hivyo kabla hujalipa ada. Kama ulikaa mpaka ukaipata na ukasikia moyo umetulia, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Tafuta mlango ulio karibu na kazi uliyotoka

Usijitangaze kama mtu anayeanza upya. Kijana aliyemaliza chuo anajua viwango vya uhasibu kuliko wewe, lakini hajawahi kuona mzigo ukipungua ghalani bila karatasi. Mimi mlango wangu ulikuwa hesabu za bidhaa. Nilijua kwamba tofauti kati ya kadi ya stoo na mzigo uliopo mara nyingi inaanzia siku ya kupokea, wakati mtu anasaini hati ya mzigo bila kuhesabu. Kiwango cha kimataifa cha bidhaa, IAS 2, kinasema bidhaa ipimwe kwa gharama yake au kwa thamani halisi inayoweza kupatikana ikiuzwa, ile iliyo ndogo. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Kwangu mimi ilikuwa maboksi niliyoyafahamu, yaliyolowa, ambayo hakuna mteja angeyachukua.

Fikiria ya kwako. Aliyekuwa muuzaji anafaa kwenye wadaiwa (wateja ambao biashara inawadai) na ufuatiliaji wa madeni, kwa sababu anajua namna ya kudai bila kumpoteza mteja. Fundi au mhandisi anafaa kwenye uhasibu wa gharama na wa miradi. Muuguzi anaelewa matumizi ya wodi kuliko mhasibu yeyote wa hospitali. Aliyefanya kazi ya rasilimali watu yuko hatua chache kutoka mishahara. Wanasheria na wapelelezi huingia vizuri kwenye ukaguzi wa ndani. Mwalimu ana kipaji adimu cha kueleza namba kwa wasio wahasibu, na mashirika yanayopokea ufadhili yanamhitaji mtu wa namna hiyo awaeleze wafadhili fedha zimekwenda wapi.

Milango ya kuanzia ni ile ile karibu kila mahali: karani wa hesabu, malipo ya wadai, wadaiwa, mishahara, fedha taslimu. Ukaguzi wa nje kwenye makampuni makubwa nao una nafasi za kuanzia, lakini huko wamezoea kuajiri vijana kwa makundi na msimu wa kazi una masaa marefu sana. Sisemi haiwezekani. Nasema kama una watoto wadogo au mzazi unayemuuguza, pima kwanza.

Hatua ya 3: Andika hesabu zako mwenyewe

Usiache kazi kwa hisia. Chukua karatasi, andika miezi 24 kwa safu, na kila mwezi uweke mapato, matumizi ya nyumbani na gharama za masomo. Kwenye masomo usiweke ada ya mtihani pekee: kuna usajili, ada ya mwaka ya uanachama wa mwanafunzi, vitabu, na fedha ya kurudia mtihani mmoja au miwili. Weka pia mshahara mdogo wa kuanzia, maana kuna uwezekano mkubwa utashuka kabla ya kupanda. Mwezi ambao salio linakuwa hasi ndio wa kujadiliwa na mwenzi wako sasa, mezani, namba zikiwa wazi. Binafsi ningetaka akiba ya miezi 6 ya matumizi kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na kama inawezekana nisome nikiwa bado kazini.

Hatua ya 4: Chagua cheti kwa kuangalia unakotaka kufika

Si kila mhasibu anahitaji cheti cha juu. Kazi za utunzaji vitabu, mishahara na wadai zinaweza kufanywa kwa astashahada na uzoefu, na watu wanaishi nazo vizuri. Lakini kama unataka kusaini ripoti za ukaguzi, kuwa mkuu wa fedha au kufungua ofisi yako, utahitaji cheti cha kitaaluma na, kwa ukaguzi, leseni ya bodi ya nchi unayofanyia kazi. Anza kwa kuiuliza bodi hiyo inatambua vyeti gani. Sheria za nchi moja hazifanani na za jirani yake.

ACCA, taasisi ya wahasibu iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1904, inatambulika kwa upana na inafaa kwa mtu mzima kwa sababu ina ngazi ya msingi inayoweza kuanzwa bila digrii. Kwa mpangilio ulioanza mwaka 2018 ina mitihani 13, alama ya kufaulu ni 50, na pamoja na mitihani unatakiwa uwe na miezi 36 ya kazi inayohusiana, iliyothibitishwa na msimamizi. Misamaha ya baadhi ya mitihani hutolewa kwa waliosoma masomo yanayokaribiana, kwa hiyo tafuta vyeti vyako vya zamani hata kama unaviona vimepitwa. CPA (cheti cha mhasibu aliyethibitishwa) ya Marekani ina sehemu 4, na tangu Januari 2024 tatu ni za lazima na moja ya kuchagua, kila moja ikihitaji 75, lakini inakutaka uwe umesoma chuo kikuu kwanza. CIMA, taasisi nyingine ya Uingereza, inaelekea zaidi kwenye uhasibu wa uongozi, yaani namba za kufanyia maamuzi ndani ya kampuni. Nchi nyingi zina CPA zao, na kama hutarajii kuhama, hiyo ya nyumbani ina faida ya kukufundisha kodi na sheria utakazozitumia kila siku.

Mitaala hubadilika. Soma tovuti ya taasisi yenyewe wiki ile unayojisajili, usitegemee maelezo ya mtu aliyemaliza zamani, nikiwemo mimi. Na ukikutana na anayekuahidi kukufanya mhasibu aliyethibitishwa kwa wiki sita, mwambie akuonyeshe jina lake kwenye orodha ya wanaotambuliwa na bodi.

Kama uliwahi kusoma uhasibu ujanani ukauacha, ujue mengi yamehama. Katika viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS), IFRS 15 ya mapato imetumika tangu 2018, IFRS 16 iliyoingiza mikataba mingi ya kukodi kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni ya biashara) tangu 2019, na IFRS 18 inayobadili mpangilio wa taarifa ya faida na hasara inaanza kutumika 2027. Debiti na krediti, kwa bahati njema, ziko pale pale.

Hatua ya 5: Soma kwa kuandika

Kichwa cha miaka 45 hakijazeeka, ila kimechoka jioni. Niliacha kusoma usiku, nikahamia alfajiri, saa moja na nusu kabla ya nyumba kuamka. Chukua mtihani mmoja kwa msimu, miwili ikibidi. Theluthi moja ya muda isome, theluthi mbili ifanye maswali, kwa saa ikihesabu na daftari likiwa limefungwa. Kusoma majibu ya mwingine na kutikisa kichwa ukisema "nimeelewa" ndiko kulikonifelisha mtihani wangu wa pili. Mitihani mingi sasa inafanywa kwenye kompyuta, kwa hiyo fanya mazoezi kwenye kompyuta, si kwa kalamu.

Excel jifunze sambamba: SUMIFS, XLOOKUP, PivotTable, kuchuja na kusafisha data, na kuweka safu ya uhakiki inayopaswa kuwa sifuri. Kisha programu moja ya uhasibu, kama QuickBooks, Sage, Xero au Tally. Angalia matangazo ya kazi unazozitaka, uone ipi inatajwa zaidi, uanze na hiyo. Ukiijua moja vizuri, ya pili itakuchukua siku chache. Programu za siku hizi zinasoma ankara zenyewe na kupendekeza akaunti, na hilo litaendelea kupunguza kazi ya kuingiza data. Usiogope, lakini usijenge kazi yako juu ya kasi ya vidole. Jifunze kusuluhisha, kuhakiki, na kueleza kwa nini namba imebadilika.

Hatua ya 6: Omba kazi kama ulivyo

Kwenye wasifu wako weka juu kabisa ile miezi mitatu ya vitabu, kwa vitendo: "nilitunza vitabu vya kikundi, nikafanya usuluhishi wa benki kila mwezi, nikatoa mizania", ukiwa umeomba ruhusa ya kuwataja. Kazi ya zamani ifuate, ikiwa imeandikwa upande wake wa fedha: bajeti uliyosimamia, mzigo uliohesabu, watu uliowalipa.

Utaulizwa "kwa nini sasa?" Jibu kwa ufupi na kwa kilichotokea kweli. Usianze kulalamikia mwajiri wa zamani. Na utaulizwa, wazi au kwa kuzunguka, kama utakubali kuongozwa na mtu mwenye umri wa mtoto wako. Jibu hilo liandae moyoni kabla ya mdomoni. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa na miaka 27. Nilimwita kwa heshima ya cheo chake, nikabeba daftari kwake kama mwanafunzi, na baada ya muda yeye ndiye aliyekuwa akinifuata kuniuliza mambo ya ghala.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza kazini

Hapa kuna hatari ambayo sitaki uipitie bila kuonywa. Mtu mzima mwenye ada za shule za kulipa ndiye anayeshinikizwa kirahisi: rudisha nyuma tarehe ya ankara hii, pitisha malipo haya hati itakuja, weka gharama hii mwaka ujao faida isipungue. Maadili ya kimataifa ya wahasibu yamejengwa juu ya misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Kwa vitendo, usiingize muamala usio na hati. Ukilazimishwa, omba maelekezo kwa maandishi, na maombi mengi huishia hapo hapo. Yasipoishia, mpelekee aliye juu zaidi, au ondoka. Nimewahi kuondoka. Ilikuwa miezi migumu nyumbani, lakini jina langu halimo kwenye zile karatasi.

Wiki ya kwanza omba faili la kufunga mwezi la miezi 12 iliyopita, uone miamala inayojirudia: kodi ya pango, uchakavu, malimbikizo ya umeme (uliotumika lakini ankara haijafika), bima iliyolipwa kabla. Tengeneza orodha yake. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha kilichosahaulika mwezi huu. Kisha omba ukabidhiwe akaunti tatu tu za mizania ziwe zako, na kila mwisho wa mwezi kila moja iwe na karatasi inayoeleza salio lake mstari kwa mstari: nani, lini, kwa nini bado lipo. Maswali unayomuuliza msimamizi yaandike pamoja na majibu, usimuulize lile lile mwezi wa pili. Mwezi wa tatu karatasi zikiwa zimetimia bila kukumbushwa, omba akaunti ya nne.